Mwaka wa Freni ya Mbele

Jumamosi iliyopita tulikwenda kumpokea Ramazani. Alikuwa ametoka hospitali, mguu wake umefungwa plata kutoka kisigino hadi paja, na mke wake alikuwa amepika kama wa harusi: wali, sombe, yaani kisamvu, inayong'aa mawese, kuku, samaki wa mto Lualaba. Ramazani ni motari, yaani mtu wa kubeba watu na mizigo kwa pikipiki, na ameifanya kazi hiyo tangu siku ambazo mimi bado nilivaa bluu na nyeupe ya shule. Tulikaa kwenye viti vya kuazima, sahani magotini, na watu wakaanza kumtafuta aliyemroga. Mmoja alisema ni jirani waliyegombania naye kiwanja. Mwingine akasema hapana, ni mwanamke fulani wa Salamabila. Ramazani mwenyewe, mguu juu ya stuli kama mgeni wa heshima, alikuwa anawakubali wachawi wote, mmoja baada ya mwingine, kwa kutikisa kichwa. Mimi nilikuwa naitazama pikipiki yake. Walikuwa wameiegemeza ukutani, gidoni, yaani usukani wake, imepinda, na ule mkono wa kulia, wa kufinyia freni ya mbele, au breki kama wanavyosema watu wa mbali, ulikuwa unaning'inia kama sikio la mbuzi mgonjwa. Waya haukuwepo. Tena haukuwepo tangu zamani, maana kwenye tundu lake buibui alishahamia na familia yake.

"Shemeji Ramazani," nikasema, "freni yako ya mbele iko wapi?"

Vijiko vilisimama. Mume wangu Amuri akanigusa kiwiko. "Mama Zawadi," akasema polepole, "tule kwanza."

Nikala, kwa sababu sombe ya watu haina kosa. Lakini nilikula na hasira, na hasira yangu ni ya zamani kuliko ule mguu. Ilianza mwaka aliozaliwa mtoto wangu wa kwanza, Zawadi, nilipokuwa nimemaliza shule juzi tu na kuolewa jana, na nikajikuta napigana vita na mji mzima kwa ajili ya waya mmoja.

Tulikuwa tunakaa Kasongo, chumba kimoja nyuma ya soko. Kitanda upande huu, sufuria upande ule, na katikati pikipiki ya Amuri, kwa sababu pikipiki hailali nje. Nilinyonyesha huku nanusa esanse, yaani petroli. Kila niliposhuka kitandani niligonga goti kwenye chuma, na Amuri aliuliza kwanza kama chuma ni kizima. Saa sita mchana rafiki zake walikuja kula, maana habari za mapishi yangu zilikuwa zimefika mpaka kituo cha mamotari. Walijipanga kwenye kizingiti, mikono kwenye bugali, na mimi niliyasikia mazungumzo yao yote nikiwa kwenye moto, hatua chache tu, kama mtu anayesikiliza redio mbovu asiyeweza kuizima. Na kila siku redio ile ilifika kwenye freni.

"Freni ya mbele ni hatari," Ramazani alifundisha, mdomo umejaa. "Ukiigusa, gurudumu ya mbele inasimama, pikipiki inasimama, na weye unaendelea na safari peke yako. Kule Salamabila kuna mutu ilimurusha mpaka akatua ndani ya duka."

"Jina yake nani?" niliuliza kutoka jikoni.

"Mutu mumoja hivi."

"Anakaa wapi?"

"Mama Zawadi, lete pilipili."

Mtu yule alirushwa mwaka mzima. Wiki hii alitua dukani, wiki ijayo mtoni, mara moja juu ya paa la kanisa, na siku hiyo hata padri alimwona. Hakuwahi kuwa na jina. Lakini kwa ajili yake, karibu mamotari wote wa kituo kile walikuwa wamechomoa waya wa freni ya mbele, na walioubakiza waliufichaficha kama mtu anayetembea na mwavuli siku ya jua. Na hawakuishia hapo. Kwenye miteremko walizima na moteri. "Mulima unashuka na weye bure," Ramazani alisema, "esanse ya nini?" Basi piga picha: moteri, ambayo ikiwa kwenye vitesi, yaani gia, ya chini inaishikilia pikipiki isikimbie, imelala. Freni ya mbele imechomolewa. Nyuma kuna magunia, kuku, abiria wawili na godoro. Na kazi yote ya kusimama imeachiwa mguu mmoja wa kulia, unaokanyaga freni ya nyuma iliyoliwa kama kipande cha sabuni.

Fizikia ya shule nimeisahau nyingi, lakini hili halitaki diploma. Mwanamke yeyote aliyebeba ndoo kichwani akasimama ghafla anajua maji yanaruka kwenda wapi. Yanaruka mbele. Uzito wa pikipiki inayosimama nao unakwenda mbele, unaligandamiza gurudumu la mbele chini, na gurudumu lililogandamizwa ndilo linaloshika ardhi. La nyuma linabaki jepesi, linateleza tu na kupiga kelele. Wao walikuwa wamelifunga mdomo gurudumu lenye kazi, wakampa kazi mvivu.

Siku moja chandarua cha Zawadi kilianguka. Nilipanda kwenye kiti nikifunge tena, nikaona kilikuwa kimening'inizwa kwa waya mzuri wa kusokotwa, wenye kichwa kidogo cha risasi mwishoni.

"Amuri, hii ni nini?"

"Ni waya."

"Waya ya nini?"

"Ya chandarua."

"Na mbele ya chandarua ilikuwa ya nini?"

Alimtazama mtoto, kama vile yeye ndiye angejibu. "Inamukinga na malaria," akasema mwishowe.

Siku hiyo niliapa mbele ya mtoto na chandarua chake: pikipiki hii sipandi, na Zawadi hapandi, mpaka waya urudi mahali pake. Ungeweza kuwa ugomvi wa nyumbani, ukaisha kwa sahani ya ndagala. Haukuisha, kwa sababu ya nywele. Kwa ukoo wa Amuri, nywele za kwanza za mtoto wa kwanza ananyoa mama wa baba yake, kwa wembe wake, mlangoni pa nyumba yake. Mama mkwe wangu, Mama Feza, anakaa Lusangi, ni mkulima, ana mihogo na mpunga na sauti. Kutoka Kasongo mpaka Lusangi ni mbali mno kwa mguu ukiwa na kichanga mgongoni, na malori siku zile yalipita yanapotaka. Ilibaki pikipiki. Na mimi nilikuwa nimeapa.

Basi nywele zikaota. Mungu alimpa Zawadi nywele kana kwamba naye anafuata ugomvi. Kwenye bomba la maji wanawake waliniuliza, "Mama Zawadi, ni mutoto ao unafuga simba?" Na kila motari aliyetoka Lusangi alisimamisha pikipiki mlangoni kwangu, moteri inanguruma, akapiga kelele ujumbe wa mama mkwe ili mtaa wote usikie. "Mama Feza anauliza, mutoto iko na miguu?" Siku nyingine: "Mama Feza anasema, kama unaona haya juu ya mutoto anafanana na mama yake, umulete tu, yeye atazoea." Amuri alicheka, nikamnyima mboga. Aliposhindwa kucheka, alinuna. "Unanifanya nini mbele ya mama yangu?" aliuliza. "Atasema sina sauti mu nyumba." Nikamwambia sauti anayo, kinachokosekana ni waya.

Kiangazi kilipofika nilichoka kusema, nikataka waone. Nilimwambia Amuri: rudisha waya siku moja tu, twende kwenye uwanja wa mpira, weye na Ramazani, mbio ileile, na mahali nitakapochora mstari kila mtu asimame anavyojua. Alikubali kwa kuwa alikuwa na hakika nitaaibika. Kituo kizima kilikuja. Nilichora mstari kwa majivu ya jikoni kwangu. Amuri nilimfundisha neno moja tu: "Mbele na nyuma pamoja, na ya mbele finya kama unakamua limau. Polepole, kiisha nguvu. Usifinye kama unaua mende."

Ramazani alianza. Alikuja kwa mbio, akafika kwenye majivu, akakanyaga. Gurudumu la nyuma likasimama palepale, lakini pikipiki haikusikia habari hiyo. Ilipita inatikisa mkia kama mbwa aliyemwona bwana wake, ikapita goli, ikaingia katikati ya mkeka ambako bibi mmoja alikuwa ameanika karanga. Yule bibi alimpiga na kapu. Kisha Amuri akaja, mbio ileile, akafinya, na pikipiki ikainamisha pua na kusimama, hatua kidogo tu baada ya majivu. Alibaki juu yake anaduwaa, anageuka huku na huku, kama mtu aliyefika sherehe kabla ya wenyeji.

"Amuri ni mwepesi," Ramazani alisema, anatoa karanga kwenye shati. "Mama Zawadi hamupatii chakula."

Wakabadilishana pikipiki. Sasa Amuri ndiye aliyekwenda kwa yule bibi, na Ramazani ndiye aliyesimama. Hakuna aliyerushwa. Hakuna paa la kanisa lililoguswa. Nilirudi nyumbani nimeinua kichwa, na kwa wiki kadhaa waya ulikaa kwenye pikipiki, na mimi nikaanza kujiandaa kwa safari. Nilimwambia Amuri anifundishe kuendesha, Jumapili mchana, ili nijue ninachokisema. Alinifundisha vizuri, lazima niseme. Safari tuliiweka baada ya mavuno ya mpunga, mama mkwe akiwa ametulia. Kosa letu lilikuwa kusubiri, maana mvua haikusubiri.

Mvua ya kwanza ya Kasongo inaugeuza udongo mwekundu kuwa kitu kama bugali iliyomwagiwa mawese. Nilikuwa nateremka mbele ya kanisa, watu wanatoka misa, nimevaa kikwembe, kitenge changu kizuri, Amuri anakimbia nyuma yangu kwa mguu anasema "polepole, polepole." Mbuzi akavuka. Nikafinya ya mbele yote, kwa mkono wote, na gidoni nimeshaigeuza ili nimkwepe. Gurudumu la mbele likaondoka chini yangu kama sabuni mkononi. Nikalala kwenye matope, kikwembe juu ya kichwa, mbuzi ananitazama. Nilisikia miguu inakimbia, nikadhani ni msaada. Ilikuwa Ramazani.

"Njo yenyewe!" alipiga kelele, yaani ndiyo hiyo, anajishika tumbo. "Njo freni ya mbele! Sasa weye umetua mu duka ya nani?"

Mchana ule ule Amuri alichomoa waya. Nilimweleza nikiwa bado natema udongo. Uwanja mkavu si matope. Mahali pa kuteleza unapunguza mwendo mapema, unanyoosha gidoni kwanza, unaiacha moteri ikushikilie, unakanyaga zaidi freni ya nyuma, na ile ya mbele unaigusa tu, kama unapima joto la uji wa mtoto. Lakini haichomolewi, kwa sababu barabara haina matope peke yake. Ina mchanga, ina mawe, ina sehemu kavu ngumu ambako ng'ombe anatokea mbele yako. Nani anamsikiliza mwanamke mwenye matope masikioni? Walikuwa na kweli nusu, na hakuna kitu kigumu kuondoa kichwani mwa mwanaume kama kweli nusu aliyoshuhudia mwenyewe akiwa anacheka. Nikarudia kiapo changu. Nywele za Zawadi zilikuwa zinafika mabegani, na mimi nilianza kuzisuka.

Habari kwamba mjukuu amesukwa kabla ya kunyolewa ndiyo iliyomwondoa Mama Feza Lusangi. Alimtumia Amuri neno: njoo unichukue, ninakuja kumutwaa mutoto mimi mwenyewe, huyo mwanamke abaki na freni yake. Amuri akaenda asubuhi. Nilipika kutwa nzima, nikafagia chumba mpaka chini ya pikipiki isiyokuwepo. Walipofika, kabla sijawaona niliwanusa. Unajua harufu ya mihogo iliyolala majini siku nyingi, ikaanza kuoza ili imenywe? Harufu hiyo iliingia mlangoni kwanza. Kisha akaingia mama mkwe, amelowa mpaka kwenye kitambaa cha kichwa, kipande cha ganda la mhogo kimekwama kwenye hereni. Nyuma yake Amuri, kichwa chini, mwenye kapu tupu la kuku.

"Shikamoo, mama."

Alikaa kwenye kitanda changu, akashusha pumzi, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu harusi bila kutafuta kosa. "Mukwe wangu," akasema, "ile freni yenye unagombaniaka, inakaaka upande gani?"

"Mbele, mama. Mukono ya kuume."

"Ngoja nikuelezee." Akavua viatu, akamwaga maji. "Tumefika juu ya ule mulima, mwenye chini kuna kijito na daraja ya miti. Huyu mutoto wangu, mwenye nilizaa na uchungu, akazima moteri. Nikamuuliza, baba, mbona kimya? Akasema, mama, tunabakisha esanse. Kuteremka tukaanza polepole. Nikasema, oh, ni muzuri, kama ndege. Kiisha miti ikaanza kukimbia. Nikasema, Amuri, simamisha. Akasema, ninasimamisha. Nikasema, simamisha sasa! Akasema, mama, njo hivi ninasimamisha!"

Nilitazama chini. Kama ningemtazama Amuri ningecheka, na nyumba ile isingenisamehe.

"Daraja ikaenda kule, siye tukaenda huku. Wanawake walikuwa wanaloweka mihogo yao. Nimeingia mu shimo yao mupaka hapa." Alijionyesha kidevu. "Kuku yangu ameruka, amepotea. Na wale wanawake, mukwe wangu, hawakulia, walicheka. Wananijua! Mumoja akasema, Mama Feza, sasa unakuja kununua ao kuoga?"

Hapo nikashindwa. Nikacheka mpaka Zawadi akaamka, na mama mkwe akanitazama kwa hasira, kisha tumbo lake likaanza kutikisika chini ya nguo zilizolowa, akacheka na yeye. Amuri peke yake alibaki amesimama. Nilimwogesha mama mkwe nyuma ya nyumba, maji ya moto, sabuni, majani ya ndimu. Harufu ilikataa. Tulikula na harufu ile, tukalala nayo, na asubuhi nikamletea wembe na kumwonyesha mjukuu.

"Hapa?" akasema. "Mutoto hanyolewe mu chumba ya kupanga. Atanyolewa kwangu, mlangoni pangu. Tunaenda Lusangi. Amuri! Funga waya."

Amuri alipanda kitini, akaupata kwenye chandarua, akafungia chandarua kamba ya katani. Walishinda uani, mama na mwana. Yeye alikuwa anafunga, mama anafinya. "Mukono inagusa gidoni, ni legevu. Kaza." Akakaza. "Sasa gurudumu haizunguke, umekaza kama mwizi. Legeza." Mimi nilishika gurudumu, nikalizungusha mpaka likazunguka huru na kushikwa mara tu mkono unapoanza kufinywa. Tukafungua ya nyuma, tukaweka viatu vipya vya freni. Tukaangalia upepo wa matairi, kwa kuwa njiani kungekuwa na mzigo wa watu na si kuku tu.

Lakini nilikataa tupande wote pikipiki moja. Basi Mama Feza akaenda kituoni kujitafutia ya kwake, na mpaka leo kuna watu Kasongo wanaosimulia. Alipita mbele ya mamotari waliojipanga, mmoja mmoja, akafinya kila mkono wa freni kama mtu anayechagua avokado sokoni. Ulioregea, akauachia na kusonya. "Hii imekufa. Hii nayo. Weye mama yako anajua?" Alipofika kwa Ramazani, mkono ulianguka mpaka chini.

"Mama, mimi ninaendesha na akili," Ramazani alisema.

"Akili yako inashika gurudumu?"

Kituo kizima kilimcheka, na tangu siku ile walio wengi walikwenda kutafuta waya, kwa sababu abiria walianza kufinya nao. Ramazani hakwenda. Alisema hawezi kufundishwa kazi na bibi anayenuka mihogo. Hicho ndicho kilichokuwa kwenye koo langu Jumamosi, pamoja na sombe.

Mama Feza alimpata mzee mmoja wa Kabambare mwenye freni mbili nzima, akatangulia. Sisi tukafuata, Amuri mbele, mimi nyuma, Zawadi amefungwa mgongoni kwangu. Mvua ilikuwa imepita jana yake. Chini ya miti kulikuwa na utelezi, penye jua palikuwa pakavu, na nilimsikia Amuri kwa mgongo wake namna alivyobadilika kila mahali: kwenye tope alilegea, mguu tu, moteri inanguruma chini; kwenye ukavu alifinya. Kisha tukafika juu ya ule mlima.

Alisimama. Chini niliona kijito, magogo ya daraja, na wanawake wameinama kwenye maji yao. Wenyewe walituona. Mmoja alijinyoosha, akawaita wenzake, wakatoka wote kwenye shimo na kusogea mbali, na vikapu vyao. Amuri hakuzima moteri. Akaingiza vitesi ya chini, akasema, "Unishikilie," kana kwamba mikono yangu ilikuwa na kazi nyingine.

Tuliteremka. Nilikuwa nimemshika kiuno, nikahisi mkono wake wa kulia unakaza kidogo, unaachia, unakaza tena. Miti haikukimbia. Niliweza kuihesabu kama ningetaka, niliweza kuona nyani mmoja anatutazama kwa dharau. Palipokuwa na utelezi, chini kabisa, alikuwa ameshapunguza mwendo mbali, gidoni imenyooka. Pikipiki ikasimama kabla ya gogo la kwanza, kwa upole, kama mtu anayekaa kwenye kiti cha kuazima.

Amuri akaweka mguu chini. Hakuhitaji. "Umeona?" akasema bila kugeuka, kwa sauti ya mtu aliyebuni kitu hicho jana.

Wanawake wa mihogo walirudi kwenye shimo lao, nadhani wamekosa mchezo. Nilipeleka mkono nyuma nikampapasa mwanangu, kichwa, mgongo, mguu mmoja, mguu wa pili. Mate yake yalikuwa yananitiririka shingoni. Mlima wote ule, Zawadi alikuwa amelala.